Baiskeli ya Baba Yake William: Nzima au Mbovu?

Barua nne za mwezi huu zimekuja na jambo moja: filamu zilizotoka vitabuni, na vile vitu vinavyobadilika njiani. Ya kwanza imenigusa mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo muda mrefu. Wengine mnivumilie.

Barua kutoka Mbamba Bay

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwaka jana shemeji yangu alituletea filamu ya yule kijana wa Malawi aliyetengeneza umeme wa upepo, The Boy Who Harnessed the Wind. Tuliitazama watu kumi na mmoja sebuleni. Baba alipokataa baiskeli yake isikatwe iwe vipuri vya kinu cha upepo, mama mkwe wangu alilia. Sasa mwanangu wa kidato cha pili amepata kitabu chenyewe shuleni, na amenijia amekasirika: "Mama, baiskeli ilikuwa mbovu tangu mwanzo! Filamu imedanganya." Nimeshindwa kumjibu. Kama hadithi ni ya kweli na mwenyewe yu hai, wana haki gani ya kuifanya nzima baiskeli iliyokuwa mbovu? Na kwa nini kitabuni inapita tu, kwenye filamu inaliza watu?*

Marahaba, mama. Kwanza mpongeze kijana. Amesoma kama inavyotakiwa, na hasira yake ni ya msomaji mzuri.

Anachosema ni kweli. Katika kitabu alichokiandika William Kamkwamba pamoja na Bryan Mealer, kilichotoka mwaka 2009, baiskeli ya baba ni chuma chakavu kilichokaa tu ndani ya nyumba. Haina usukani, ina gurudumu moja, fremu imeliwa na kutu, na pesa ya kuitengeneza haijawahi kupatikana. Baba anasita kuitoa, William anamweleza anachotaka kufanya, baba anakubali. Hadithi inasonga mbele kwenye mambo ya mabomba ya plastiki na feni ya trekta. Katika filamu ya mwaka 2019, aliyoiongoza Chiwetel Ejiofor na ambamo yeye mwenyewe anacheza nafasi ya baba, Trywell, baiskeli ni nzima na inatembea. Ndicho kitu cha thamani kilichobaki kwenye ile nyumba. Mtoto anapoomba ikatwe, anaomba miguu ya baba yake.

Sisi walimu wa fasihi tuna neno kwa kitu cha namna hii: motifu. Ni kitu, picha, sauti au neno linalorudirudi ndani ya hadithi mpaka linabeba mzigo kuliko umbo lake. Kitabuni baiskeli ni kipuri, kama vipuri vingine. Kwenye filamu ndiyo motifu kuu.

Sababu naiona kwenye njaa. Njaa ya Malawi ya mwaka 2001 na 2002 ndiyo moyo wa kazi zote mbili, lakini kitabu kinaweza kuihesabu. Kinakuonyesha nsima, ile ambayo ndugu zetu wa Mombasa wanaiita sima, ikipungua kwenye sahani siku hadi siku. Kinakuonyesha watu wa mbali wakipita barabarani kutafuta ganyu, yaani kibarua cha kutwa, foleni mbele ya ghala la ADMARC, shirika la mazao la serikali, na watu wakigombea gaga, pumba za mahindi. Msomaji anaishi na njaa hiyo wiki nzima. Anafunga kitabu, anakula chakula chake cha jioni kwa aibu, anafungua tena. Filamu ina chini ya saa mbili. Haiwezi kumhesabia mtazamaji tonge kwa tonge. Inabidi itafute kitu kimoja ambacho jicho litakishika, halafu njaa yote iwekwe juu ya kitu hicho. Tunamwona baba na baiskeli yake mapema, tunaiona tena nyumba ikiwa imebaki na mlo mmoja, na William anaposimama mbele ya baba yake kuiomba, sisi watazamaji hatuoni tena chuma na mnyororo. Tunaona vyote walivyokwisha kupoteza, na hicho kimoja kilichosalia.

Lakini ukibadilisha kitu, unabadilisha na swali la hadithi. Hili ndilo ningependa kijana wako alishike. Kitabu kinauliza: itazunguka? Taa itawaka? Ni kitabu cha fundi. Unajua vizibo vya chupa za bia vilivyopondwa vikawa washa, unajua bomba la plastiki lilivyopashwa moto likabapa likawa mapanga, unajua shokapu ilitoka jalala gani. Filamu inauliza swali jingine kabisa: baba atamwamini mwanawe? Ndiyo maana mama mkwe wako alilia. Hakulilia baiskeli.

Mimi siwezi kuuita huo uongo, na nitakwambia kwa nini. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka minane, Kongwa. Mvua zilikuwa zimekata, tunakula unga wa njano wa msaada, na siku nyingine hata huo haupo. Baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix, nyeusi, yenye karia ya nyuma aliyoizungushia mpira wa ndani ili gunia lisiteleze. Asubuhi moja aliondoka nayo. Jioni alirudi kwa miguu, na mtama debe mbili ndani ya gunia begani. Hakusema neno, na mama hakuuliza. Alichorudi nacho cha baiskeli ni kengele tu. Aliifungua kabla hajaikabidhi kwa mwenyewe mpya, akanipa mimi. Kwa hiyo baiskeli nzima haikuwa ya nyumba ya kina Kamkwamba, mwanao yuko sahihi, lakini ilikuwapo katika nyumba nyingine zenye njaa, na aliyeandika filamu ile aliijua thamani yake.

Hata hivyo sikubaliani na kila walichobadilisha.

Chukua dainamo. Kitabuni, William amehangaika kuitafuta, halafu siku moja anapita mtu na baiskeli yenye dainamo, na rafiki yake Gilbert, mtoto wa chifu, anatoa kwacha 200 mfukoni mwake mwenyewe anainunua. Rafiki tu, hadai kitu. Kwenye filamu dainamo ni ya mwalimu anayempenda dada yake William kwa siri, na inabaki kwa William baada ya dada kuondoka na mwalimu huyo, nyumba ikapungukiwa mdomo mmoja wa kulishwa. Unaona wanachofanya: kila kipuri kimefungwa kwenye kafara ya familia. Baiskeli ni baba, dainamo ni dada. Kama ufundi wa kusuka hadithi, imesukwa vizuri. Lakini nimemkosa Gilbert na mkono wake mfukoni, kwa sababu vijijini mwetu mambo mengi husimama kwa mtu asiye ndugu aliyetoa bila kuombwa mara mbili.

La taa na maji linaniuma zaidi. Kwenye filamu, kinu cha upepo kinavuta maji kutoka kisimani, shamba linakuwa kijani, njaa inashindwa. Kitabuni, kinu cha kwanza kinawasha taa. Balbu ndogo ya gari, inapepesa, kisha inashika, na umati uliokuja kumcheka William unapiga kelele za furaha. Maji yalikuja baadaye sana. Aliposimama Arusha mwezi Juni 2007 kwenye mkutano wa TED, akiwa na miaka 19, Kiingereza kikimpa shida na sauti ikimtetemeka, kinu cha kumwagilia shamba kilikuwa bado ni ndoto anayowasimulia watu.

Utasema, taa au maji, kuna ubaya gani, vyote ni vyema. Tazama kitabu kinavyoanza. Sura yake ya kwanza inaanza na hofu: uchawi, mizimu, na Gule Wamkulu, wachezaji wa Wachewa waliovaa vinyago ambao mtoto William aliwaogopa kuliko kitu chochote. Giza likiingia kijijini kazi zinasimama, watu wanalala mapema kwa kuwa mafuta ya taa ni ghali. Ndani ya kitabu hicho, taa ikiwaka inafukuza giza mara mbili: lile la saa moja usiku, na lile la kichwani. Halafu linakuja jambo ambalo filamu isingeweza kulitia hata ingetaka. Mwaka 2006 mvua zilipogoma, walikuwapo watu waliosema kinu cha William ndicho kinachofukuza mawingu. Kitabuni kinu kinashitakiwa kwa kuiba mvua, na kwenye filamu kinu kilekile ndicho kinacholeta maji. Hofu yote iliyoanza sura ya kwanza ilikuwa inangoja siku hiyo ya mashtaka. Filamu imewapeleka Gule Wamkulu kwenye mazishi, wanapendeza, wanatisha, lakini ule uzi wao na taa umekatika.

Kuna na mbwa, Khamba. Muulize kijana wako alivyojisikia kwenye sura hiyo. Kwenye filamu anakufa kwa njaa na tunamhurumia William. Kitabuni William na mwenzake wanampeleka msituni, wanamfunga kwenye mti na kumwacha. Mtoto anabeba jambo alilolifanya kwa mkono wake. Filamu ilimhurumia shujaa wake. William mwenyewe, alipoandika, hakujihurumia, na kwangu mimi hizo ndizo kurasa za kiume kuliko zote.

Kuhusu haki: filamu ile ilipigwa palepale Wimbe, nyumbani kwao William, haikuficha kwamba imetoka kwenye kitabu, na kitabu kipo, yeyote anaweza kulinganisha kama mwanao alivyofanya. Mwambie akae na bibi yake amsimulie baiskeli mbovu. Nina hakika bibi atakuwa na baiskeli yake ya kusimulia.

Barua kutoka Wete, Pemba

*Assalamu alaykum Mwalimu. Nina miaka 26 na kamera ya kuazima. Nataka kutengeneza filamu fupi kutokana na hadithi niliyoiandika kuhusu bibi yangu. Uti wa hadithi ni harufu ya karafuu: kwenye kanga zake, kwenye mkeka wake, mpaka siku ya maziko yake. Kwenye karatasi nimeitaja mara kumi na mbili. Kwenye skrini nafanyaje? Filamu haina pua.*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeuliza swali ambalo lilishawatoa jasho watu wenye fedha nyingi kuliko mimi na wewe.

Mwaka 1985 Mjerumani Patrick Süskind alitoa riwaya, Das Parfum, kuhusu mtu wa karne ya 18 aliyezaliwa Paris, sokoni kwenye samaki, mwenye pua inayonusa kila kitu duniani ilhali yeye mwenyewe hana harufu yoyote. Kitabu kizima kimejengwa juu ya pua. Kwenye maandishi kazi hiyo inawezekana kwa sababu neno linaweza kukuletea harufu. Nikikuandikia "utumbo wa samaki umekaa juani tangu asubuhi", tayari umekunja uso. Tom Tykwer alipoigeuza filamu mwaka 2006 alikuwa na shida hiyohiyo yako. Alifanya mambo matatu. Kamera aliisogeza karibu mno na vitu, pua, ngozi, nywele, matunda, matope, mpaka jicho likaanza kufanya kazi ya pua. Aliweka sauti ya msimulizi pale picha ilipokwama. Na muziki, ambao yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watunzi wake, aliupandisha na kuushusha kama harufu inavyokuja na kupotea.

Lakini angalia kilichomponyoka, kwa sababu na wewe kinaweza kukuponyoka. Riwayani, jambo la kutisha kuliko yote ni pale mtu huyu, amejificha pangoni mlimani miaka saba, anapogundua kuwa hana harufu, yaani kama vile hayupo duniani. Kutokuwapo kwa kitu ndiyo motifu yenyewe. Kamera haiwezi kupiga picha kitu kisichokuwapo. Kwa hiyo filamu ikahamishia uzito kwa msichana mwenye matunda ya njano, wa kwanza kufa mikononi mwake. Anarudi kwenye kumbukumbu, na mwishoni muuaji anamkumbuka na kutoa chozi, kana kwamba muda wote alichokuwa akitafuta ni mapenzi. Kitabuni hakuna chozi hilo. Yule wa kitabuni anawachukia watu, na anapofaulu kuwafanya wampende, chuki inazidi. Filamu ilikosa namna ya kuionyesha harufu isiyokuwapo, ikajikuta inasimulia mtu mwingine.

Sasa tuje kwako. Mara kumi na mbili zako zifute zote. Usimpe mhusika yeyote kusema "nasikia harufu ya karafuu". Ukisema hivyo umekiri kushindwa. Wewe ni mtoto wa Pemba, unajua karafuu ina mambo mengi zaidi ya harufu. Ina rangi: inachumwa mbichi na wekundu wake, jua linaigeuza mpaka inakuwa nyeusi ya hudhurungi. Ina sauti: zile kavu zikigeuzwa kwa mkono juu ya jamvi zinalia, na hakuna mwana wa Pemba asiyeijua sauti hiyo. Ina vidole vya bibi vikichambua, makonyo huku, karafuu huku. Na ina lile tukio ambalo ningelifanya uti wa filamu yako: wingu linatanda, mtu anapiga kelele, nyumba nzima inakimbia kuanua majamvi kabla mvua haijashuka.

Lipige tukio hilo mara tatu. Mara ya kwanza bibi ndiye anayepiga kelele. Mara ya pili bibi amelala ndani mgonjwa, anasikia ngurumo, mikono yake inashikashika mkeka. Mara ya tatu ni baada ya maziko: wingu linatanda, watu wote wanainuka kwa mazoea, wanafika uani, na hakuna jamvi. Hapo mtazamaji wa Wete ataisikia harufu hata kama umemwonyesha ua mtupu. Mtazamaji wa Dodoma kama mimi hataisikia, ila atajua kuna kitu kimeondoka.

Na kamera ya kuazima iombee siku za kutosha. Jua la kukausha karafuu halikungoji.

Barua kutoka Morogoro

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita. Tunasoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na muda umebana. Je, nikitazama filamu yake naweza kujibu swali la mtihani?*

Marahaba. Hapana, binti yangu au kijana wangu, hukusema. Mtihani unauliza riwaya.

Itazame baada ya kusoma, ni filamu nzuri. Imeongozwa na Amil Shivji na ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Lakini mlango wake ni tofauti na wa kitabu. Riwayani tunamwona kwanza Yasmin akiozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri, anahamishiwa naye Mombasa, anachoka, anamwacha na kurudi Unguja peke yake, na ndugu zake wanamkataa. Tunamfikia Denge, kijana mpigania uhuru, tukiwa tumeshayaona hayo. Filamu inawakutanisha Yasmin na Denge usiku, binti akiwa njiani kwenda kuolewa. Ndoa ambayo kitabuni ni jela tuliyoingia naye na kutoka naye, hapo ni kitu kilicho mbele yake gizani.

Ule uvutano wa kwenye jina la riwaya una mikono mingi: wazazi, mume, jamaa, mtaa, kisha serikali ya kikoloni. Ukiulizwa ujadili jina la kitabu na ukaandika Denge na wakoloni peke yake, umepoteza nusu ya alama, kwa sababu Yasmin alianza kuvutwa kabla hajalisikia neno ukoloni. Soma sura za mwanzo leo usiku. Haziko ndefu.

Barua kutoka Mombasa

*Hujambo Mwalimu. Nina binti wa miaka 9. Nilimsomea kitabu cha The Wonderful Wizard of Oz kwa mwezi mzima kabla ya kulala, kisha tukatazama ile filamu ya zamani. Dakika aliyoviona viatu vyekundu alisimama: "Baba, viatu ni vya fedha!" Hakutulia tena mpaka mwisho. Kwa nini mtu abadilishe rangi ya viatu tu? Si jambo dogo kiasi cha kuachwa kama lilivyo?*

Sijambo, baba. Mimi pia ningesimama.

Viatu alivyoviandika L. Frank Baum mwaka 1900 ni vya fedha kweli. Studio ya MGM ilipotengeneza filamu, iliyotoka mwaka 1939, ilikuwa imegharamia Technicolor, rangi ambazo wakati huo watu wengi walikuwa hawajazizoea kwenye skrini. Viatu vya fedha juu ya barabara ya njano vingeonekana kama vumbi linalometa. Mwandishi wa muswada, Noel Langley, akavifanya vya yakuti nyekundu. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba jicho la kamera lilitaka nyekundu. Sikatai. Njia nzima mtoto anajua Dorothy, msichana anayevivaa, yuko wapi kwa kutazama miguu tu.

Lakini mwambie binti yako kuna rangi nyingine ambayo filamu iliifuata kitabu kwa uaminifu mkubwa, na nadhani ikampita kwa sababu ya hasira ya viatu. Arudi ukurasa wa kwanza. Kansas ya Baum ni ya kijivu. Uwanda ni wa kijivu, majani ya kijivu, nyumba ya kijivu, na shangazi Em, aliyefika pale akiwa binti mzuri, jua na upepo vimemwondolea wekundu wa mashavu na midomo, naye amekuwa wa kijivu. Neno hilo linagonga na kugonga mpaka msomaji anatamani rangi yoyote. Filamu haikuwa na neno la kugonga, ikaipiga Kansas yote bila rangi, ya hudhurungi iliyofifia kama picha kuukuu ukutani, halafu Dorothy anafungua mlango na rangi zinammwagikia. Sijaona mara nyingi neno lililogeuzwa picha vizuri namna hiyo.

Walichoharibu, kwa maoni yangu, ni mji wa Zumaridi. Kwenye filamu mji ni wa kijani, basi. Kitabuni kila anayeingia anavishwa miwani ya kijani mlangoni na kufungiwa kwa ufunguo, hata mbwa Toto, na baadaye yule mchawi anakiri kwamba mji hauna kijani kuliko miji mingine. Watu wameuvaa ukijani machoni. Na kama hiyo haitoshi, filamu inamwamsha Dorothy kitandani na kumwambia alikuwa anaota, wakati yule wa kitabuni alisafiri kweli, na viatu vya fedha vikamponyoka hewani akivuka jangwa kurudi nyumbani, vikapotea moja kwa moja. Hapo binti yako ana haki zaidi ya kukasirika kuliko kwenye rangi. Kiatu kilichopotea jangwani ni ushahidi kwamba ulikwenda. Kiatu cha ndotoni hakikuwa mguuni kamwe.

Kabla hamjaitazama tena, msomee upya sura ile ya mlangoni, mlinzi anapochagua miwani sandukuni. Kisha mtazame mji kwenye filamu, umsimamishe picha hapo, na umuulize unaonekana wa kijani kwa sababu gani. Akijibu, niandikie alichosema.